Mazabodi Iliyonadiwa Kanisani

Wanangu, kwanza tuelewane: sijawahi kuunguza nyumba ya mtu. Vitu nimeunguza, tena vingi, lakini nyumba, hapana. Nasema mapema kwa sababu juzi mliponialika chuoni kwenu, kijana mmoja wa mstari wa nyuma aliniuliza, "Bibi, ni kweli uliwahi kulipua kompyuta ya mteja?" Nikajifanya sijasikia, maana walimu wenu walikuwepo. Leo niko kwangu Iringa, miguu juu ya kigoda, chai ya tangawizi pembeni, na hakuna mtu anayegonga mlango kuniuliza mashine yake imefikia wapi. Acheni kabisa, hamjui raha ya kustaafu. Kwa hiyo najibu sasa. Ni kweli, nililipua.

Ilikuwa Mbeya, kwenye kibanda cha Mzee Mwasenga, aliyenifundisha kazi hii. Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na wakati huo nilikuwa msichana mwenye mdomo mrefu kuliko bisibisi yangu. Mteja alileta kompyuta ya dukani, zile za kampuni zinazokuja zimefungwa tayari, akataka tumtengenezee mashine ya kuunga wenyewe, yenye nguvu zaidi, kwa kutumia vifaa vya ile ya zamani vilivyo hai. Mzee akaniambia, "Atupele, chambua. Kinachofaa weka kulia, kisichofaa weka kushoto." Mimi nikaona pawa saplai, lile boksi la umeme, bado zima kabisa. Plagi yake ikaingia kwenye mazabodi mpya, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, bila hata kusukumwa. Nikasema, nani kama mimi? Nikawasha.

Puu! Moshi.

Plagi zilifanana, lakini nyaya ndani zilipangwa kivingine. Kampuni ile ilikuwa imezipanga kwa utaratibu wake yenyewe, ili ukiharibikiwa urudi kununua kwao. Mzee Mwasenga hakunigombeza. Alichomoa ile mazabodi, akaniletea puani. "Nusa."

"Nimenusa, mzee."

"Inanuka nini?"

"Inanuka kuungua."

"Hapana, mwanangu. Kiburi ndiyo kinanuka hivyo."

Akaitundika juu ya meza yangu, ikakaa pale mpaka wateja wakawa wanaiulizia bei.

Basi tangu siku ile nikajua kwamba kompyuta ya dukani ina mila zake. Ukitaka kuchukua vitu vyake ukavipeleka kwenye mashine ya kuunga, lazima uulize kwanza kila kimoja kwao wapi. RAM, kile kijiti cha kumbukumbu, haina shida, ilimradi ni ya kizazi kimoja na mazabodi mpya. Ukiona haitambuliki usiitupe, chukua kifutio cha shuleni, sugua yale meno yake ya dhahabu taratibu, pangusa, rudisha. Nimefufua RAM nyingi kwa kifutio kuliko kwa maombi. Prosesa, ubongo wa mashine, inahamishika kama kitako kinalingana na tundu. Lakini pawa saplai, feni, na zile nyaya za kitufe cha kuwashia, hizo mara nyingi zinaongea lugha ya nyumbani kwao tu. Na mazabodi ya dukani ukiitoa kwao ndiyo msumbufu kuliko wote. Unaiweka kwenye kesi nyingine, lile boksi la nje, matundu ya skrubu hayalingani; unaipa feni nyingine, inalalamika kila asubuhi kwamba feni yake haioni.

Mambo mengine niliyofundishwa na yule mzee ni madogo, lakini yamenilisha. Skrubu usiziweke mfukoni. Tafuta trei la mayai. Kila shimo weka skrubu za sehemu moja, kwa mpangilio ulivyozifungua. Vumbi lipulize kwa pampu ya baiskeli, si kwa mdomo, maana mdomo una mate, na nyie vijana mnakula chipsi huku mnafanya kazi, nimewaona. Na prosesa ipakwe ile pasta yake ya kupoozea. Kuna fundi mmoja pale jirani yetu aliishiwa akapaka dawa ya meno. Mashine ikafanya kazi vizuri wiki nzima, ikanukia vizuri pia, halafu dawa ikakauka, prosesa ikaenda na maji. Jina la yule fundi silitaji kwa sababu baadaye alinioa.

Mume wangu ndiye aliyenileta Iringa. Nikafungua meza yangu hapa mjini, nikaning'iniza kibao, na juu ya meza nikabandika amri mbili za Mzee Mwasenga. Ya kwanza: nakili kwanza, fungua baadaye. Maana yake kazi za mteja zilizo kwenye diski uzitolee nakala kabla bisibisi haijagusa skrubu hata moja. Ya pili: kifaa cha zamani mrudishie mwenyewe, hata kama kimekufa, ili asiseme umemwibia. Amri ya pili niliitii siku zote. Na sasa niwaeleze jinsi hizo amri mbili, moja kwa kuivunja na nyingine kwa kuitii, zilivyotaka kunitoa roho mwaka uliopita. Hiyo ndiyo kazi iliyonistaafisha.

Kuna mzee wa Kihehe anaitwa Mwalimu Luvanda, mwalimu wa kwaya wa usharika wetu tangu watu wengi hapa hawajaota meno. Yeye na mimi ni kutaniana tu. Akiniona: "Kamwene, Mnyakyusa! Ndizi zimeiva huko kwenu?" Namjibu, "Zimeiva, Mwalimu, ila Wahehe hatuwapi, mtaziimbia badala ya kuzila." Basi tunacheka, siku inaenda.

Halafu kiharusi kikampiga. Kilimchukua mkono wa kulia na kilimchukua sauti. Mtu aliyekuwa akishusha besi mpaka vioo vya kanisa vinaitika, akabaki na maneno machache, kila moja analivuta kama ndoo ya maji kisimani. Lakini nyimbo hazikumtoka kichwani. Kwaya walikuwa wamemnunulia kompyuta ya dukani, nzuri tu, na kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto akawa anachapa nota za do-re-mi, sauti zote nne, mstari kwa mstari. Miaka minne. Nyimbo thelathini na mbili.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Hizo nyimbo hakuna koo lililowahi kuziimba. Alikataa kuzitoa. Hakutaka kumpa mtu wimbo ambao yeye mwenyewe hajausikia, na kuusikia hawezi kwa sababu kuimba hawezi. Karatasi alizoanzia, zile zilizoandikwa kwa mkono wa kushoto kama kuku amepita, mke wake Mama Upendo alikuwa anawashia jiko, kwa ruhusa ya mwenyewe, maana "ziko kwenye kompyuta". Na Mwalimu alishanidokeza kwamba kichwa nacho kimeanza kuvuja. Wimbo wa mwaka juzi hana uhakika nao tena bila kuusoma. Kwa hiyo zilikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya ile mashine.

Ipo programu inayosoma nota na kuzipiga, sauti zote nne, ukasikia. Mchungaji ndiye aliyemwambia. Ila ile mashine yake ilikuwa bubu. Radi ilipiga msimu wa mvua ikaua sehemu ya sauti kwenye mazabodi. Ndiyo Mama Upendo akamshika mkono, wakaja kwangu. Mwalimu akagusa sikio lake, akasema, "Ni... sikie."

Mjue, wanangu, leo nikiwa nimekaa na chai yangu najua kwamba kijidude cha sauti cha kuchomeka pembeni, bei ya soda chache, kingemaliza kazi. Nilijua hata siku ile. Lakini nilikuwa nimeshatangaza kwamba nastaafu, na nilitaka kazi yangu ya mwisho iwe ya kukumbukwa. Nikamwambia Mwalimu nitamwundia mashine mpya, kesi kubwa yenye hewa, mazabodi mpya yenye sauti safi, na kutoka kwenye ile ya dukani nitachukua prosesa, RAM na diski, maana bado vizima. Ile harufu ya kiburi ya Mzee Mwasenga ilinipita puani, sikuijali.

Mazabodi sinunui kwa kuambiwa. Nilitaka niende Mbeya na prosesa mkononi, nijaribishe dukani palepale. Basi la kesho yake asubuhi nilishakata tiketi. Nikaichomeka mashine ya Mwalimu nianze kunakili nyimbo, umeme ukakatika.

Nikangoja. Saa moja, saa mbili. Nikasema, nikae bure kwa nini? Diski si naitoa nzima, nyimbo si zimo humo humo, nitazikuta. Nikashika bisibisi nikaanza kufungua gizagiza kwenye mwanga wa dirisha. Miaka yote nimewakemea watu kwa jambo hilo hilo! Nikatoa prosesa, nikatoa RAM, nikatoa diski. Pawa saplai nikaibakiza kwangu kwa ajili ya nyaya zake. Kakidonge ka betri kalikokuwa kwenye mazabodi nikakachomoa nikakaweka kwenye saa ya ukutani, maana ilikuwa imesimama. Mazabodi nikairudisha kwenye kesi yake tupu, na Mama Upendo alipopita jioni kuniuliza naendeleaje, nikamkabidhi. "Hivi vya zamani ni vyenu, Mama. Chukueni." Nikajiona mwaminifu kweli.

Nikaenda Mbeya. Mazabodi nikapata siku hiyo hiyo, lakini si nikashuka Tukuyu kusalimia ndugu, na ukishuka Tukuyu kurudi ni mpaka uruhusiwe. Nilikaa siku kumi na mbili. Niliporudi Iringa umeme upo, nguvu ninazo, nikaunga mashine ile kwa furaha. Nikawasha. Feni zikazunguka kimya kimya, taa ikawaka, nikasema ndaga fijo, Mungu wangu, asante sana.

Skrini ikaja ya bluu, ikaniomba tarakimu arobaini na nane.

Mnalijua jambo hili nyie, ni la enzi zenu. Zamani diski ilikuwa haina ubaguzi. Unaitoa hapa unaiweka pale, inafungua. Hizi kompyuta mpya za dukani nyingi zinaifunga diski kwa kufuli kimya kimya, bila hata kumwambia mwenyewe, na ufunguo unakaa kwenye kachipu kadogo juu ya mazabodi. Diski ikijikuta kwenye mazabodi ngeni inagoma: nipe tarakimu. Na tarakimu zinatunzwa kwenye anwani ya barua pepe iliyotumika siku mashine inawashwa mara ya kwanza. Nikapiga simu kwa watu wa kwaya walioinunua. Wakasema yule muuzaji ndiye aliyewasha kila kitu, akabuni barua pepe palepale. Duka lile sasa linauza mablanketi. Namba ya muuzaji haipatikani.

Nikakaa kwenye kiti. Nyimbo zipo, nimezishika mkononi, na haziwezi kusomwa na mtu yeyote aliye hai. Dawa ilikuwa moja tu, kuirudishia diski mazabodi yake ile ile. Nikavaa kanga juu ya gauni la kazi, nikaenda mbio kwa Mwalimu.

Mama Upendo alikuwa anachambua maharage. "Mama," nikamwambia bila salamu, "lile boksi la zamani la kompyuta nililokupa, liko wapi?"

"Lile? Nilitoa sadaka."

"Ulitoa nini?"

"Sadaka ya mavuno, Jumapili iliyopita. Wewe si ulikuwa kwenu? Mahindi yangu mwaka huu yameliwa na viwavi, nikaona siendi madhabahuni mikono mitupu. Nikalifuta vumbi, nikalipeleka. Lilinadiwa vizuri tu, baada ya kuku wa mzee wa kanisa."

Jamani. Kwetu huku mnajua, siku ya mavuno kila mtu analeta alichonacho, maboga, mayai, mkungu wa ndizi, na ibada ikiisha vinanadiwa nje. Lakini mazabodi? Nilitamani kucheka na nilitamani kulia, na Mwalimu alikuwa amekaa pale pale mlangoni, amesikia yote.

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake. Sikuzunguka. Nikamwambia, "Mwalimu, nimekosa. Nilifungua kabla ya kunakili. Nyimbo zimefungwa, na ufunguo ndiyo ule uliouzwa."

Akanitazama. Akakitazama kidole chake cha kushoto, kile cha kuchapia. "Zo... te?"

"Zote, Mwalimu. Mpaka niipate."

Nilitegemea anitanie, hata aseme neno baya juu ya Wanyakyusa, ningeshukuru. Akasema, "Nenda."

Hiyo "nenda" iliniuma kuliko tusi.

Mzee wa kanisa aliyekuwa ananadi akakumbuka mara moja, maana ni kitu gani kingine cha namna ile kiliwahi kunadiwa. Alinunua Mama Tumsifu, mgeni aliyekuja kumtembelea binti yake, kwao Nyololo. Alilitaka kwa ajili ya kuku. Kesho yake alfajiri nilikuwa kwenye basi la kwenda Nyololo, na njia nzima, Ifunda, Mafinga, nilikuwa nasema na Mungu kwa Kinyakyusa, kwa sababu kwa Kiswahili niliona aibu.

Nyololo palikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Mama Tumsifu alinipokea vizuri, akanipa chai, akanipeleka uani kwa majivuno. Ile kesi ya kompyuta imelazwa ubavu, imejazwa nyasi, na ndani yake tetea mwekundu anaatamia mayai.

"Banda zuri kweli hili," akasema. "Panya hawaingii. Waliolitengeneza walifikiria."

"Mama, na ule ubao wa kijani uliokuwa ndani?"

"Ah, ule uko bustanini. Ndege walikuwa wananimalizia njegere."

Nikageuka nikauona. Umening'inizwa kwenye mti katikati ya njegere, unazunguka na upepo, unametameta, umelowa ukungu chepechepe. Mazabodi ya Mwalimu Luvanda inafukuza ndege! Nikauliza swali moja tu nililokuwa naliogopa: "Uliutoboa kupitisha kamba?"

"Niutoboe kwa nini? Ulikuwa na matundu yake tayari."

Nilimkumbatia yule mama, hajui kwa nini. Yale yalikuwa matundu ya skrubu, hayana neno. Hakuna njia ya umeme iliyokatwa. Na kile kidonge cha betri nilichokidokoa kwa ajili ya saa ya ukutani, kingekuwa bado kimo kwenye unyevu ule kingeivujia na kuila mazabodi yote. Wizi wangu mdogo uliniokoa, msiuige.

Kasheshe ikawa kuupata. Nilipomwambia nataka kununua, Mama Tumsifu akakunja uso. "Hapana, dada. Hicho ni kitu cha sadaka. Nilikinunua kumpa Mungu, sasa nikiuze nipate faida? Laana hiyo."

"Basi nipe tu."

"Nikupe, na njegere zangu walinde nani?"

Nikafikiri. Nikafungua mkoba wangu wa kazi. Huko chini kulikuwa na zile sidii za programu za printa, printa zenyewe zilikufa zamani, nilikuwa nazibeba kwa mazoea tu. Nikazitoa kumi na moja, nikaishika moja juani, maana jua lilikuwa limeanza kuchungulia, ikatupa mwanga mpaka kwenye ukuta wa nyumba. Mama Tumsifu akaipokea, akaizungusha, akatazama bustani yake, akatazama mazabodi.

"Hizi zinang'aa zaidi," akakubali. "Lakini banda la kuku sikupi. Yule anaatamia, ukimsumbua anasusa mayai."

"Kaa nalo, Mama. Mungu ambariki huyo kuku."

Nikarudi Iringa nimeikumbatia mazabodi ndani ya sweta kama mtoto mchanga. Nikaisugua kwa mswaki laini na spiriti, kila kona, nikaiacha ikauke kivulini siku mbili nzima. Siku mbili! Msije mkakausha mazabodi juani kwenye bati wala karibu na jiko, mtaipinda. Na msiwashe kitu kilicholowa kwa sababu moyo unakwenda mbio. Moyo uacheni uende, mkono utulie.

Siku ya tatu nikabeba kila kitu kwenda kwa Mwalimu. Nilitaka iwe mbele yake, liwalo na liwe. Kesi haipo, iko na kuku, kwa hiyo nikatandaza boksi la karatasi juu ya meza ya kulia chakula, nikaweka mazabodi hivyo hivyo uchi. Pawa saplai yake ya zamani, ambayo plagi yake haingii kwingine kokote, nilishukuru kwamba sikuitupa. Prosesa, RAM, diski, vyote nikavirudisha nyumbani kwao. Betri mpya. Kitufe hakuna, nikagusisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi.

Hakuna kitu. Mama Upendo akaacha kupumua. Nikagusisha tena.

Taa ikawaka. Yakaja maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, inalalamika haioni feni yake ya mbele, bonyeza F1 kuendelea. Sijawahi kufurahia lalamiko namna ile. Nikabonyeza. Vidoti vikazunguka, vikazunguka, vikazunguka, mimi nashika meza. Halafu haikudai tarakimu. Ikaandika jina, Mwalimu Luvanda, na picha ya kanisa letu nyuma yake.

Mama Upendo alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Mimi nilinakili kwanza. Sikunywa hata maji. Nyimbo thelathini na mbili kwenye fleshi tatu, nikazifungua moja moja kuhakikisha. Fleshi moja ndani ya Biblia ya Mwalimu, moja kwenye pindo la kanga ya mkewe, moja kwa mchungaji. Ndipo nikakaa chini, na machozi yakaja yenyewe, sikuyafuta. Wanangu, ukimpotezea mtu kitu kisichonunulika halafu ukakirudisha mkononi mwake kizima, mwili wote unalegea, unaweza kulala palepale sakafuni.

Kesho yake nikamaliza mashine ya kuunga. Diski nikaisafisha yote nikaanza upya, na zamu hii zile tarakimu arobaini na nane nikaziandika kwenye karatasi kwa kalamu ya wino, Mwalimu akatia sahihi kwa mkono wa kushoto. Nikaweka nyimbo, nikaweka programu ya kupiga nota, nikachomeka spika. Wanakwaya wanne walikuwa wamekuja, wamekaa kwenye makochi wamebana magoti kama wako ibadani. Mwalimu akachagua wimbo mwenyewe, ule wa kwanza kabisa aliouchapa baada ya kuugua.

Ukapigwa. Soprano, alto, tena, besi. Sauti ya mashine ni ya mbao mbao, lakini wimbo ulikuwa wimbo. Wanakwaya wakaanza kutikisa vichwa. Mama Upendo akafunika mdomo kwa kanga. Mimi nikamtazama Mwalimu, nikingoja nione uso wa mtu anayesikia kazi yake baada ya miaka minne.

Akakunja uso.

Ulipoisha akanionyesha kwa kidole: tena. Nikaupiga tena. Akausikiliza mpaka mwisho, macho ameyafumba. Kisha akavuta neno kutoka mbali huko.

"Mba... ya."

"Nini mbaya, Mwalimu?"

"Wimbo." Akapumua. "Fu... ta."

Nikasimama na mikono kiunoni. "Nifute? Mwalimu Luvanda! Nimepiga magoti kwa ajili ya huu wimbo! Nimekwenda Nyololo kwenye baridi, nimebembeleza mama wa watu, nimemwachia kuku nyumba ya kompyuta, leo unaniambia nifute? Sifuti. Mimi ni mstaafu kuanzia dakika hii. Ukitaka, futa mwenyewe!"

Mdomo wake ukapinda upande ule mzima, nikajua anacheka. Akakipeleka kile kidole cha kushoto, taratibu, akaufuta. Kisha akaegemea kiti, bega likashuka, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimkosee akanitania.

"Mnya... kyusa. Wimbo... u... naofuata."